Munkoyo ya Bijou na Jicho ya Motokari

Tangu nirudie hapa Panda, mu Likasi, kila mama mwenye ananikuta ku robine ya mayi ao ku soko ananiuliza kintu moja: ni kweli, Kambo Veronika, uliwanywesha bakwe munkoyo mu bikombe bya kahawa, kama dawa ya kikohozi? Ni kweli. Muntu mwenye alileta hiyo habari alikuwa na mbio, alibeba bikombe, njia yote akaiacha kule nyuma. Minye nilisoma kidogo tu, mpaka mwaka ya tatu ku masista, lakini njia ninaikumbuka yote. Mukae, niwaeleze.

Kutoka Panda

Kwetu munajua. Mutoto mwanamuke haendi ku bakwe, bantu wa mulume, na mukono mukavu. Kambo yake, bibi wa upande ya mama, anapika munkoyo, kinywaji ya unga ya mahindi na mizizi, mu nyumba yenye mutoto alikomalia, anaipeleka yeye mwenyewe, anakunywa wa kwanza mbele ya bantu, kisha anawanywesha bakwe na mukono yake. Haipikwe kule kwao. Ukiipikia kule, ni sawa umeenda kuomba nyungu ya wenyewe. Na bakwe wakikataa kuinywa, harusi itafanyika, ndiyo, lakini siku yenye mutoto ataunguza chakula, hata miaka kumi mbele, watamuambia: si weye ulikuja na mukono mukavu?

Bijou wetu, mutoto wa binti yangu, anafundisha batoto kusoma ku Kolwezi. Kichwa ile aliitoa kwangu, musiulize kwa wengine. Akapata mulume mu nyumba ya Baislamu, bantu wa asili ya Kasongo, wenye duka ya bitambaa. Bantu wazuri. Lakini siku ya kuongea mahari, muyomba wa kijana, Amisi, akanisemesha hivi: shiye hatunywi kintu yenye inatoa povu. Nikamujibu munkoyo yangu haitoi povu, ni tamu kama maziwa ya mama. Wengine wakacheka. Kambo ya kijana, Bi Zaina, alikuwa amenyamaza tangu tuingie, njo siku ile akafungua kinywa:

"Ukiileta tamu, nitakunywa wa kwanza wa kwetu. Ikiwa imegeuka, utanisamehe, Bibi mwenzangu, sitaiweka mu kinywa."

Sikukasirika. Ilikuwa haki yake. Munkoyo leo ni tamu, mutoto wa kunyonya anaweza kuinywa. Ikipata joto ya siku moja inakuwa kali, inaanza kulewesha. Nilipaswa kuitoa Likasi na kuifikisha Kolwezi mbele ya joto kuigeuza. Hiyo njo ilikuwa kazi yangu.

Barafu haikuwa, courant ya umeme ilikuwa imekatika mu kartie yote. Mutoto wangu wa mwisho, Kabwe, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Motokari yake ilitoka Japani, iko na klima yenye kupuliza baridi. "Mama," asema, "ile ni frigo yenye kutembea." Kifungo moja tu ya klima njo ilikuwa nzima, ile ya kuandikwa AUTO, zingine zilikufa ku mwenye alikuwa nayo mbele yetu. Kabwe alisema moja inatosha, juu motokari inajua yenyewe wakati ya joto na wakati ya baridi. Nikafikiri: basi ina akili kupita baba yake.

Nami sikutaka kupanda bure mu motokari ya mutoto wangu. Nilikuwa nimeishonea kitambaa ya kroshe, nyeupe, pembeni ya manjano, nikaitia amido mpaka ikakauka kama kartoni. Nyumba yangu munaijua: tele iko na kitambaa, redio iko na kitambaa, hata ndoo ya mayi. Kintu yenye haina kitambaa ninaiona uchi. Nikatandika yangu juu ya tablo ya mbele, chini ya kioo, kutoka mulango mpaka mulango. Kabwe akasimama inje akaiangalia. Asema sasa motokari imevaa kwenda ku harusi.

Bidoni za munkoyo zilikuwa tatu. Moja nikaiweka chini, ku miguu yangu. Mbili ku kiti ya nyuma, nikazifunga na kikwembe kama batoto mapacha. Tukaondoka wakati majogoo bado yanabishana.

Likasi mpaka ku mustari ya makamiyo

Mwanzo ilikuwa raha. Klima ilipuliza baridi muzuri, Kabwe akaniangalia kila mara kuona kama ninashangaa. Nilikataa kushangaa, lakini nilifunga kitambaa ya kichwa vizuri.

Tulipopita njia ya kwenda Kambove, jua ikapanda na kuingia kwa kioo ya nyuma, ikatukalia shingoni. Na klima, pahali ya kuongeza nguvu, ikabaki vilevile, pumzi kidogo kidogo, kama muzee mwenye anapuliza uji. Kabwe akapiga kifungo. Ikabaki vile. Akasema ni gazi imepunguka. Kisha akasema ni vumbi. Kisha akasema ni minye, ninapumua sana. Nikamuambia nilimuzaa yeye mu chumba bila dirisha, mu mwezi wa kumi, wala sikuomba klima.

Tukafungua madirisha. Vumbi ikaingia, tukafunga. Joto ikaingia, tukafungua.

Kisha tukakuta makamiyo yamesimama, mustari haina mwisho. Kule mbele kamiyo moja ya chokaa ya Kakontwe ililala ubavu, ikafunga njia. Chokaa ilitapakaa, bantu wenye walitoka kule walikuja weupe mpaka kope. Tukazima motokari. Nikageuka nikashika bidoni za nyuma: zilikuwa na joto kama mutoto mwenye homa.

Mbele yetu kulikuwa kamiyo ya Tanzania. Mwenyewe, Rashidi, muntu wa Mbeya, alikuwa anapika wali na maharagi chini ya tela. Aliponiona akainama, asema, "Shikamoo, Bibi." Minye nikamujibu jambo sana. Akabaki ananiangalia, anangojea kintu. Nikafikiri ana njaa, nikamupa samaki. Nyuma njo Kabwe akanieleza kule kwao mukubwa anapaswa kujibu marahaba. Lakini samaki hakuikataa. Ilikuwa samaki ya ziwa ya Tshangalele, nilikuwa nimeikaanga usiku na pilipili, na bukari, njo ugali ya kwetu, nimefunga mu karatasi. Tukaweka pamoja. Wali yake ilikuwa muzuri, ila ile ya kula bukari kwa kijiko, kama mugonjwa, nilimukataza.

Akauliza mu bidoni muko nini. Nikamumiminia kidogo ya ile ya ku miguu. Akanywa, akafunga macho.

"Bibi, hii kwetu ni togwa."

"Kwetu ni munkoyo."

"Togwa kabisa, Bibi. Mama yangu anapika hivihivi."

"Basi mama yako alifundishwa na muntu wa Katanga."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamueleza shida yangu, bakwe, Bi Zaina, povu. Akapanda ku kamiyo, akashuka na gunia ya katani, akailowesha mayi, akafunga nayo bidoni ya ku miguu. Asema kule porini njo wanafanya vile, gunia ikikauka unailowesha tena, upepo inafanya kazi yenyewe. Alikuwa nayo moja tu. Akaomba musamaha kama muntu mwenye amenikosea. Nikamujibu, "Marahaba." Kabwe asema hapo haikuwa pahali yake, lakini Rashidi alifurahi.

Fungurume, mu hangari ya fundi

Njia ilipofunguka, jua ilikuwa katikati ya kichwa. Kufika Fungurume, moja ya mapacha wa nyuma ilikuwa imevimba tumbo. Nikaifungua kidogo kutoa pumzi, ikalia fyuu. Nikamuambia Kabwe: tafuta fundi, ao minye nitarudi Likasi kwa miguu na sitakuja ku harusi.

Walituonyesha fundi wa klima, muntu munene mwenye sauti ndogo, wanamuita Fundi Mutombo. Hangari yake ni ya mabati, giza ndani kama mu nyumba ya kuku. Akachukua kamashini yake ya kusoma magonjwa ya motokari, yenye wanaita valise, sanduku ya safari, hata kama ni ndogo kupita kitabu ya misa, akaichomeka chini ya usukani, motokari inawaka. Nikatoa kitambaa yangu juu ya tablo, nikaikunja mu magoti, juu mikono ya mafundi ninaijua.

Akasoma. Akatuambia motokari iko na jicho ndogo ya kuangalia jua, capteur. Jua ikipiga, jicho inaambia klima: ongeza. Sasa valise inasema jicho haioni kintu. Kabwe akashika kichwa. Fundi akamutuliza:

"Ngojea kwanza, kaka. Humu ndani valise inasema vile kwa kila motokari. Jicho mu giza itaona nini? Tuisukume inje."

Hapo nikamupenda. Wakaizima, wakaisukuma, yeye na Kabwe nyuma, minye nimekaa ndani kama mufalme, jua ikatupokea. Inje bantu walikuwa wengi: wenye kuuza mikate, wenye kubadilisha matairi, mama moja mwenye kuuza matomboro mu beseni. Wote wakaja kuangalia motokari. Nami nikaona tablo iko uchi mbele ya bantu wote wale, motokari ya kwenda ku harusi. Nikafungua kitambaa yangu, nikaitandika tena, nikainyoosha vizuri pembeni.

Kabwe akakaa ku usukani akawasha tena, na fundi akarudia valise yake kule chini, ku magoti. Akasoma, akatikisa kichwa. Hata ku jua, jicho haioni. Basi imekufa kabisa. Kabwe akauliza iko wapi, ile jicho. Fundi akasema kila motokari inaificha pahali yake, na ya hii hajapata kuifungua. Atapaswa kung'oa tablo, kisha jicho mupya itumwe kutoka Lubumbashi. Ni kesho kutwa, Mungu akipenda.

Kesho kutwa. Nilitazama bidoni zangu. Bi Zaina na bantu wake walikuwa wanatungojea ile siku, bibuyu bimeshaoshwa. Niliona Bijou amekaa juu ya mukeka na mukono mukavu. Mama wa matomboro akaniambia pole. Nikageuza uso ku kiti ya nyuma, juu silii mbele ya bantu wenye siwajui.

Njo wakati ile bidoni yenye tumbo ikapasuka kifuniko. Pwaa. Munkoyo ikaruka mpaka ku dari, ikamushukia Kabwe shingoni, ikatiririka ku kiti. Nikatafuta kintu ya kupangusia, mukono ikakuta kitambaa yangu, nikaivuta juu ya tablo bila kufikiri, amido na manjano na yote, nikaanza kupangusa.

Klima ikanguruma.

Baridi ikatoka na nguvu, karatasi za Kabwe zikaruka. Sisi wote tukageuka kuangalia. Hata wale wa matairi. Fundi Mutombo akainua kichwa polepole. Akaangalia tablo, kule mbele karibu na kioo, pahali yenye kitambaa ilikuwa imefunika. Kulikuwa kifungo kidogo cheusi, kama ya shati. Akaifunika na kiganja: klima ikalegea. Akatoa kiganja: ikanguruma. Akafanya vile tena, na tena, kama mutoto mwenye amepata filimbi.

"Mama," asema, "jicho si mufu. Ulimuvalisha kitambaa."

"Na weye," nikamuambia, "unatafuta jicho ya muntu ku magoti."

Bantu wakacheka mpaka mama wa matomboro akaweka beseni chini. Fundi alicheka kupita wote. Hakutaka malipo. Nikamupa bidoni yenye ilipasuka, ilikuwa imeshakuwa kali, na bale wa matairi wakaleta bikombe mbio. Nikamuachia Kabwe kazi ya kuosha shingo. Alikuwa amekasirika kidogo, juu yeye njo alisema motokari imevaa.

Ku daraja ya Lualaba

Kutoka pale klima ilipuliza mpaka nikaomba kikwembe. Kabwe akaniuliza kama ninasikia baridi. Nikamujibu ni muzuri, ninatetemeka juu ya furaha.

Ku daraja ya Lualaba kulikuwa kungojea tena, makamiyo yanapita moja moja. Mayi ilikuwa chini, tulivu, bavuvi wawili wanabishana juu ya wavu. Nikaonja bidoni. Ile ya gunia ilikuwa tamu, baridi, kama asubuhi yenye niliichuja. Ile ingine ya nyuma ikanichoma ulimi. Kidogo tu. Mulevi angesema ni mayi. Lakini ulimi yangu haidanganyiki.

Kabwe aliniona uso. Akaonja naye.

"Mama, tutie sukari. Nani atajua?"

"Minye."

"Bijou anatungojea, Mama. Bidoni moja haitoshi bantu wote wale. Bakwe watasema nini?"

Hapo, mama zangu, sitawaficha, nilikaribia kukubali. Kabwe hakusema vibaya. Kwetu kunywesha ni kushibisha. Kambo mwenye analeta munkoyo ya kukosesha bantu anasemwa nyuma ya mulango. Na kulikuwa duka pale, na sukari ilikuwa ku duka. Nikafikiri juu ya Bi Zaina, mwenye aliniambia mu uso yenye ataweza na yenye hataweza. Muntu kama huyo, ukimunywesha kintu yenye imani yake inakataza, hata asipojua, umemuchafua. Na siku moja Bijou ataniuliza, na Bijou ninamujibu kila kintu.

Nikafunga bidoni. "Endesha," nikasema.

Kolwezi, mu nyumba ya Bi Zaina

Tulifika wakati waliomaliza sala ya alasiri walikuwa wanarudia. Lupango, uwanja ya nyumba, ilikuwa imefagiliwa, mikeka imetandikwa, bantu wamejaa. Bijou alikuja mbio, akaona bidoni mbili, akaangalia nyuma yangu akitafuta ingine. Hakuuliza. Nilimulea vizuri.

Sikungojea wanikaribishe. Nikaweka bidoni mbili mbele ya Bi Zaina, nikasema na sauti ili hata wenye kukaa ku ukuta wasikie.

"Tuliondoka na tatu. Moja ilipasuka ku njia. Hii imegeuka, sikuitupa juu nilitaka uione na macho yako. Inabaki hii ya gunia. Njo tamu. Ni yenyewe tu."

Muyomba Amisi akasema, "Na hii ya gunia, tutajuaje?" Hakusema kwa ubaya, njo kazi ya muyomba.

Nikamimina, nikanywa wa kwanza, kikombe yote, mbele yao, kama inavyopaswa. Nikamimina ingine, nikaipeleka kwa Bi Zaina na mikono mibili. Akainusa. Akatia kidogo mu kinywa akaishika pale, na lupango yote ikashika pumzi pamoja naye. Hata kuku nilifikiri zimesimama. Akameza.

"Hii ni uji ya mutoto," akasema.

Nilitaka kukasirika. Uji ya mutoto? Usiku mbili nimetwanga mizizi? Lakini kikombe yake ilikuwa imenyooshwa mbele yangu, tupu, inaomba tena.

Vigelegele ikapigwa, nikaona Bijou anajipangusa macho na ncha ya kikwembe. Kisha nikahesabu bantu na macho na nikaona haya: bidoni moja, na lupango imejaa. Bi Zaina alikuwa anahesabu vilevile. Akamuita mutoto wake wa kike, akamunongoneza. Wakaleta sinia ya bikombe bya kahawa, bile bidogo, bya maua, yenye anatoa siku ya Idi peke yake.

"Kahawa nayo tunakunywa kidogo kidogo," akaniambia, "na hakuna mwenye anaondoka kwangu akisema sikunywa."

Basi njo vile, mama zangu. Niliwanywesha wote na mukono yangu, mmoja mmoja, mu bikombe bya kahawa, na bidoni ikawatosha. Amisi alikunywa mara mbili, nilimuona. Bijou alikunywa wa mwisho, akapangusa kikombe ndani na kidole kama alivyokuwa anafanya akiwa mudogo ku jiko yangu. Bidoni yenye iligeuka, Bi Zaina alisema ku jirani kuko Mama Tereza, muntu wa misa, haina shida naye. Ikapita juu ya ukuta, na uimbaji kule ng'ambo ukapanda.

Asubuhi nilitafuta kitambaa yangu ya kroshe niioshe. Bi Zaina alikuwa ameshaitoa mu motokari, ameiosha, ameipiga pasi, imelala juu ya frigo yake. Akaniuliza kama ninaitaka. Nikaiangalia pale, nyeupe, imekaa vizuri kupita vile ilikaa ku tablo. Nikamuambia aiache.

Kabwe ananiomba ingine kila siku, asema motokari inasikia haya. Nimeshaianza. Katikati, kule mbele karibu na kioo, ninaacha tundu.